Pentatoniki maina, skeli ya bluzi au pentatoniki meja: ipi ya kushika zamu ya solo ikikufikia?

Kila anayejifunza gitaa hufika mahali pamoja. Kodi zake (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) anazijua, kwaya anaisindikiza bila shida, halafu jioni moja mazoezini wenzake wanamgeukia: "Haya, piga solo." Vipimo 12, vipande vya wimbo vyenye mapigo sawa, viko wazi mbele yake na hakuna aliyemwandikia cha kupiga. Hapo ndipo ushauri unapomiminika. Mmoja atamwambia ashike pentatoniki maina, skeli (mpangilio wa noti) ya noti tano, inatosha kwa kila kitu. Mwingine atashikilia kwamba bila skeli ya bluzi hakuna bluzi. Wa tatu, mara nyingi aliyekulia kwenye rumba au nyimbo za kanisani, atasema hizo mbili zina huzuni mno, apige meja.

Nimewasikia wote watatu wakipiga, na wote wanapiga vizuri, ila kila mmoja anapokushauri ana wimbo wake kichwani. Wimbo ulio mbele yako huenda si huo. Kwa miaka niliyofundisha gitaa nimebaki na kigezo kimoja tu cha kuchagulia: sikiliza noti ya tatu ya kodi inayopigwa chini yako, ile inayoamua kama kodi ni meja au maina. Jina la muziki, iwe bluzi, roki au rumba, halikusaidii sana. Noti ya tatu inakusaidia kila mara.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, bluzi ya vipimo 12 kwenye A, kwa sababu ndiyo shule ambayo skeli hizi zinapimwa vizuri. Alama # isome shapu (nusu toni juu), b isome flati (nusu toni chini), na m baada ya herufi, kama Am, isome maina. Freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa. Uzi wa 1 ni ule mwembamba wa chini, uzi wa 6 ni ule mnene.

| | Pentatoniki maina | Skeli ya bluzi | Pentatoniki meja |
|---|---|---|---|
| Noti kwenye A | A C D E G | A C D Eb E G | A B C# E F# |
| Kwa solfa | la do re mi so | hizohizo, na moja zaidi kati ya re na mi | do re mi so la |
| Mkono unakaa | freti ya 5 | freti ya 5 | freti ya 2 |
| Inapotulia | Am, D7, na A7 ukivuta uzi | palepale penye maina | A, A7 |
| Inapogoma | A meja ya wimbo mtulivu | ukitua kwenye Eb | Am, na C# juu ya D7 |

Kwa nini noti tano

Aliyewahi kuimba kwaya kwa solfa analijua jambo hili hata kama hajawahi kulitaja. Katika do re mi fa so la ti do, hatua nyingi ni za toni nzima, isipokuwa mbili: mi kwenda fa, na ti kwenda do. Hizo ni nusu toni, noti zilizokaa karibu mno, na ndizo zinazosuguana zikipigwa kwa pamoja. Sasa toa fa na ti. Zinabaki do re mi so la, na nusu toni zote mbili zimeondoka. Ndiyo pentatoniki meja. Ukizianza noti hizohizo kwenye la, la do re mi so, umepata pentatoniki maina.

Ndiyo maana mtoto akigongagonga vibao vyeusi vya kinanda bila kujua anachofanya, hutoa kitu kinachofanana na wimbo. Vile vibao vyeusi ni pentatoniki. Ndiyo maana pia noti tano zimeenea kila mahali: Wagogo wa Dodoma wanaziimba na kuzipiga kwenye zeze, Waethiopia wanazo, na Ali Farka Touré wa Mali alizipiga kwenye gitaa kwa namna ambayo msikilizaji wa bluzi wa Marekani aliona amefika kwao. Kwa vizazi vya Waafrika waliopelekwa utumwani kusini mwa Marekani, ambao ndio walioizaa bluzi, noti tano hazikuwa kitu cha kufundishwa na mtu. Ila upangaji wa sauti za asili si ule wa freti za gitaa, na tofauti hiyo ndogo ndiyo itakayotuletea kazi hapa chini.

Pentatoniki maina: anza hapa, lakini uisikilize

Kama bado hujapiga solo hata moja, shika hii. Sina ushauri mwingine kwa anayeanza. Weka kidole cha shahada freti ya 5, uzi wa 6. Freti ni hizi: uzi wa 6, ya 5 na ya 8, uzi wa 5, ya 5 na ya 7, uzi wa 4, ya 5 na ya 7, uzi wa 3, ya 5 na ya 7, uzi wa 2, ya 5 na ya 8, uzi wa 1, ya 5 na ya 8. Kila uzi una noti mbili, mkono hauhami, na kidole cha shahada hakitoki freti ya 5. Ndani ya wiki moja vidole vitakuwa vinajipeleka vyenyewe.

Tatizo linakuja baada ya wiki hiyo.

Kodi ya A7 ina noti A, C#, E na G. Skeli yako ina C. Kwa hiyo mwenzako anapopiga A7 ana C# mkononi, nawe una C, na hizo mbili zimetofautiana nusu toni. Kwa hesabu ya kwaya hilo ni kosa, na mwalimu wa kwaya angesimamisha mazoezi. Katika bluzi, msuguano huo ndio ladha yenyewe, lakini kwa sharti moja ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi.

Waimbaji wa zamani wa bluzi mara nyingi hawakuimba C wala C#. Waliimba katikati, mahali ambapo gitaa halina freti. Ukipiga C kavu juu ya A7 na kuiacha imesimama pale, msikilizaji husikia mtu aliyekosea. Ukiivuta kidogo ipande kuelekea C#, bila kuifikia, husikia mtu anayeimba.

Mwaka jana kijana mmoja niliyekuwa namfundisha alinipigia solo lake lote bila kukosea freti hata moja. Vidole vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Alipomaliza akaniuliza, "Mwalimu, noti ni zilezile ninazozisikia kwenye rekodi, mbona kwangu hazisemi?" Nikamwomba apige noti moja tu: uzi wa 3, freti ya 5, ambayo ni C. Mimi nikashikilia A7. Akapiga. Nikamwambia sasa kwa kidole hichohicho cha shahada auvute uzi kuelekea sakafuni, kidogo sana, upana wa ukucha tu, kisha arudi kwenye A, uzi wa 4 freti ya 7. Mara ya kwanza akauvuta mno ukafika C#, ikawa tamu kama wimbo wa watoto. Mara ya pili hakuuvuta kabisa. Ya tatu uzi ukasimama katikati, na yeye mwenyewe akaacha mdomo wazi. Tulikaa kwenye noti ile moja karibu robo saa. Skeli nzima ya maina kwenye bluzi inategemea robo toni ile.

Njia ya pili ni kuigonga. Piga C freti ya 5, uzi uleule wa 3, kisha kabla haijafa gonga kidole cha kati freti ya 6. Hiyo ni C#. Umetoka noti ya tatu ya maina ukaingia noti ya tatu ya meja kwa pigo moja la mkono wa kulia. C# haimo kwenye skeli uliyofundishwa, na hilo lisikutie hofu. Imo kwenye kodi, na kodi ndiyo mwenye nyumba.

Juu ya Am mambo ni mepesi. Am ina C tayari, hakuna ubishi, na maina inakaa kama imeshonwa hapo. Wimbo wa huzuni, bluzi ya maina, au bongo fleva nyingi za kodi za maina, hapa huna haja ya kufikiria mara mbili.

Skeli ya bluzi: noti moja tu imeongezwa

Wengi huijia kama skeli mpya ya kukariri. Ni pentatoniki maina ileile, na noti moja imeongezwa kati ya D na E. Noti hiyo ni Eb. Kwenye mkono wa freti ya 5 utaikuta uzi wa 5 freti ya 6, na uzi wa 3 freti ya 8. Basi, umeshajifunza skeli ya bluzi.

Kuitumia ndiko kunakotenganisha watu. Kutoka A hadi Eb ni toni 3 kamili, umbali wenye mlio wa wasiwasi ambao sikio linataka umalizike haraka. Juu ya A7 inasuguana na E, ya tano ya kodi. Juu ya D7 imekaa nusu toni juu ya D, noti ya msingi ya kodi. Juu ya E7 imebanwa katikati ya D na E, na zote mbili zinapigwa na mwenzako. Hakuna kodi hata moja katika zile tatu ambayo Eb inaweza kukaa na kupumzika.

Kwa hiyo ichukulie kama ubao uliowekwa juu ya mtaro: unaukanyaga ukivuka, husimami juu yake. Uzi wa 5, freti ya 5, ya 6, ya 7, yaani D, Eb, E, kwa mfululizo wa haraka, kisha tua. Au rudi nao kinyume, E, Eb, D, kisha C iliyovutwa kidogo, kisha A. Nikiambiwa nichague kipande kimoja tu cha kumfundisha mtu anayetaka kusikika kama bluzi kabla ya chakula cha jioni, nitachagua hicho cha kushuka.

Kuna namna nyingine ninayoipenda zaidi. Uzi wa 3, freti ya 7, ni D. Uvute kwa kidole cha pete, vidole viwili vya nyuma vikisaidia. Nusu toni umefika Eb, toni nzima umefika E. Vuta polepole, pita Eb, fika E. Msikilizaji anaisikia Eb ikipita kama mtu anayekunja uso kabla ya kusema jambo. Hakuna freti inayoweza kukupa hilo.

Nisichokishauri ni kuipanda na kuishuka skeli ya bluzi mwanzo hadi mwisho kama zoezi la kila siku. Anayefanya hivyo huizoesha mikono kuipa Eb muda sawa na noti nyingine, na siku ya solo inajitokeza kila kona hadi inachosha. Fanyia mazoezi ile ya noti tano, Eb uiweke ndani ya vipande vifupi tu.

Pentatoniki meja: ndugu anayesahaulika

Njia ya mkato ambayo kila mpiga gitaa anaijua: chukua umbo lako la freti ya 5, lirudishe nyuma freti 3, hadi freti ya 2. Vidole vilevile, mpangilio uleule. Sasa unapiga A, B, C#, E, F#, yaani pentatoniki meja ya A. Ukilitazama kwa jina jingine ni pentatoniki maina ya F#, lakini jina hilo halina kazi hapa.

Njia hii ya mkato ina mtego. Katika umbo la maina, nyumbani ni chini ya kidole cha shahada. Ukihamia freti ya 2, nyumbani pamehama: A sasa iko uzi wa 6 freti ya 5, chini ya kidole kidogo, na nyingine uzi wa 3 freti ya 2. Wanafunzi huhamisha mkono wakasahau kuhamisha nyumbani, wakawa wanatua kwenye F# kila mwisho wa sentensi. Noti hazijakosewa, ila solo linasikika kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Kabla hujapiga kitu kingine chochote katika umbo hili, zitafute A zote na uzitue, moja baada ya nyingine.

Ladha yake ni ya mwanga. C# inakubaliana na A7, B na F# zinaongeza utamu. Dickey Betts, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Marekani ya Allman Brothers, alijenga sehemu kubwa ya uchezaji wake juu ya sauti hii, na wapiga gitaa wa injili na wa muziki wa kantri wanaishi ndani yake.

Kwetu hili lina uzito wa pekee, kwa sababu wengi wetu tumejifunza gitaa kupitia rumba, dansi au kwaya, na nyimbo hizo kwa sehemu kubwa zimesimama juu ya kodi tatu za meja. Miaka ya nyuma nilialikwa kupiga kwenye harusi, wimbo wa rumba katika C. Nilikuwa nimetoka kuzama kwenye bluzi kwa miezi, na zamu ya solo iliponifikia vidole vikaenda freti ya 8, pentatoniki maina ya C, noti zake C, Eb, F, G, Bb. Mwimbaji aligeuka kunitazama kwenye kipimo cha pili. Eb yangu ilikuwa inapigana na E ya kila kodi ya C, na rumba haina nafasi ya msuguano huo: gitaa la rhythm na sauti za waimbaji zote zinaitamka E waziwazi. Ningerudisha mkono freti 3 tu, hadi freti ya 5, ningekuwa salama. Umbo la A maina ndilo hilohilo umbo la C meja, kwa kuwa noti tano ni zilezile, ilimradi nitue kwenye C na E badala ya A.

Lakini niseme ukweli kwa anayepiga rumba: pentatoniki meja itakuokoa, haitakufikisha. Solo la rumba linapenda noti mbilimbili zinazotembea pamoja, mi na do, fa na re, so na mi, na hapo fa inahitajika. Ikija kodi ya F, msingi wake ni fa, ambayo huna. Ikija G, noti yake ya tatu ni ti, nayo huna. Kwa sebene jifunze skeli kamili ya noti saba na uichukue pentatoniki kama mifupa yake. Na kama unapiga taarab yenye maqamu, yaani skeli za Kiarabu, hizi tatu ziweke pembeni kabisa; nusu toni tulizozitoa ndizo zinazotafutwa huko.

Mnamo Septemba 1974, Kinshasa ilikuwa na tamasha lililoandaliwa sambamba na pambano la ngumi la Ali na Foreman. B.B. King, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani, alipanda jukwaani na gitaa lake Lucille, na katika tamasha hilohilo Franco, mpiga gitaa wa rumba wa Kongo, akapiga na bendi yake TPOK Jazz. Huwa nalifikiria mara kwa mara tamasha lile. Mmoja alikuwa na uwezo wa kupiga noti moja akaivuta hadi uwanja ukanyamaza. Mwingine alizungusha sentensi yake ndani ya kodi za meja hadi hakuna aliyebaki ameketi. Skeli moja isingewatosha wote wawili.

Ukizichanganya juu ya vipimo 12

Hapa ndipo uchaguzi unapoacha kuwa wa wimbo mzima na kuwa wa kila kodi. Bluzi ya kawaida kwenye A inakwenda hivi: A7 vipimo 4, D7 vipimo 2, A7 vipimo 2, kisha E7 kimoja, D7 kimoja, A7 kimoja, na E7 kimoja cha kurudishia mwanzo.

Juu ya A7 ya mwanzo una uhuru. Meja ukitaka kuwa na uso mkunjufu, maina yenye C iliyovutwa ukitaka kulalamika. Mimi hupenda kuanza na meja, kwa sababu inaacha nafasi ya mambo kubadilika.

Ikija D7, badilika. D7 ina D, F#, A na C. Hiyo C ni noti halali ya kodi sasa, haihitaji kuvutwa wala kuombewa radhi. Wakati huohuo C# ya pentatoniki meja imekuwa noti mbaya kuliko zote. Kwa hiyo maina inachukua zamu. Hili ndilo jambo ambalo likimwingia mwanafunzi, solo lake linabadilika siku hiyohiyo: C# juu ya A7, kisha C palepale kodi inapogeuka D7. Freti moja tu ya tofauti, uzi wa 3, kutoka ya 6 kurudi ya 5. Msikilizaji asiyejua neno lolote la muziki atasikia kwamba wimbo umegeuka, hata kama mpiga besi amelala.

E7 ni ngumu kidogo. Ina G#, ambayo haimo katika skeli yoyote kati ya hizi tatu. Maina inakupa G inayosuguana nayo, na katika bluzi hilo linavumilika. Chaguo langu mimi ni kuziegemea B na E za pentatoniki meja, ambazo zote ni noti za kodi, kisha kipimo kinachofuata nikashuka na maina juu ya D7 hadi nyumbani.

B.B. King alikuwa na mahali pake kwenye shingo ya gitaa ambapo mchanganyiko huu unakaa chini ya vidole viwili. Kwa A, weka kidole cha shahada uzi wa 2 freti ya 10. Hiyo ni A. Uzi huohuo freti ya 12 ni B. Uzi wa 1 freti ya 12 ni E, na uzi wa 3 freti ya 11 ni F#. Sasa weka kidole cha pete kwenye ile B na uvute. Nusu toni, umepata C, noti ya maina. Toni nzima, umepata C#, noti ya meja. Katikati yake iko ile sauti isiyo na freti. Kidole kimoja, uzi mmoja, na swali lote la makala haya limekaa hapo, likisubiri kodi iliyo chini iseme uvute kiasi gani. Rudi kwenye A kwa kidole cha shahada na uitetemeshe. Mtu anaweza kukaa hapo mwaka mzima asimalize.

Basi ushike ipi

Kama unaanza kabisa na muziki wako ni roki, bluzi au nyimbo za kodi za maina, shika pentatoniki maina na usiguse nyingine kwa mwezi mmoja. Mwezi huo uutumie kwenye C ya uzi wa 3 zaidi ya kwenye mbio.

Kama unapiga kanisani au bendi ya dansi na nyimbo zako nyingi ni za meja, anza na meja hata kama kila video ya mafunzo inakuambia uanze na maina. Utaitumia Jumapili hiihii. Maina utaikuta imeshaingia vidoleni, kwa kuwa umbo ni moja.

Kama maina yako imekomaa ila solo zako zinafanana zote, skeli ya bluzi haitakuponya, na hapa najua wengi hawakubaliani nami. Wanaikimbilia Eb wakidhani ndiyo kiungo kinachokosekana. Mara nyingi kinachokosekana ni C#, ile noti ya tatu ya meja, kwa wakati wake. Jifunze mkono wa freti ya 2 kwanza, halafu ile ya B.B. King, halafu ndipo uongeze Eb.

Na kama gitaa lako ni kavu, lisilo la umeme, lenye nyuzi za chuma, angalia uzi wa 3. Kwenye seti nyingi za magitaa hayo uzi huo umezungushiwa waya, na kuuvuta toni nzima kunaumiza vidole bila kufika. Tumia kugonga badala ya kuvuta, freti ya 5 kwenda ya 6, au hamishia mivuto yako uzi wa 2. Kwenye gitaa la umeme, nyuzi nyembamba za namba 9 zinavutika kirahisi, za namba 10, nene kidogo, zinadai nguvu kidogo ila mlio unajaa zaidi.

Zoezi ninalowapa wote, wa skeli yoyote, ni hili. Bluzi ilikua na mwimbaji anayeimba mstari, akaurudia, kisha akaujibu, na gitaa likawa linaitikia mapengo aliyoyaacha. Weka simu irekodi. Rekodi vipimo 12 vya kodi peke yake, polepole. Kisha ipige rekodi hiyo na uimbe sentensi fupi kwa mdomo, maneno yoyote, hata jina la mtaa wako. Ukinyamaza, gitaa lijibu kwa noti tatu tu. Usiruhusu ya nne. Kwa A7 chagua A, B na C#. D7 ikifika, badilisha C# iwe C. Yule kijana wangu alilifanya zoezi hili kwa wiki mbili, akaniletea rekodi ya simu yenye kelele za kuku nyuma yake. Kwenye kipimo cha 5, palepale D7 inapoingia, alikuwa ameishusha noti yake freti moja na kuinyamazia hadi mwisho wa kipimo.